Bahari Chini ya Lipu

Jumanne saa tatu na robo asubuhi Bi Lipu alikuwa juu ya ngazi katika duka la kinyozi, akiziba ufa uliotoka pembe ya dirisha ukapanda mpaka darini. Alikuwa ameshaupanua kwa tindo, ameupiga brashi, ameulowesha mara mbili, na sasa anaulisha chokaa kidogo kidogo kwa ncha ya mwiko, maana ufa haupakwi juu juu kama poda. Ufa hulishwa mpaka ushibe. Nje, lori la kwanza likashusha bamba lake la chuma barabarani, likaanza kutetema. Chupa za spiriti zikagongana kwenye rafu. Kinyozi akauinua wembe kutoka shingoni kwa mteja, akangoja, kama alivyozoea kufanya tangu Jumamosi. Ndipo samaki akatoka kwenye ufa.

Alikuwa mdogo, urefu wa kidole, na magamba yake yalikuwa mazito, yamepangana kama vigae vya paa. Akapita mbele ya pua ya Bi Lipu, akaizunguka taa mara moja, akatoka mlangoni.

“Huyo si wa siku hizi,” mteja akasema, kichwa bado kainamisha.

“Tulia nisikukate,” kinyozi akamjibu.

Bi Lipu akapiga mwiko mwingine. Chokaa ikishakorogwa haimngoji mtu.

Mtaa ule ulikuwa wa tangu enzi za mababu, nyumba za mawe na chokaa zilizoegemeana bega kwa bega, hata ukipiga chafya chumbani kwako, wa nyumba ya tatu anakuombea afya. Kuta zake zilikuwa nene, zimekaa kwa uzito wake zenyewe na kwa subira. Hazikuogopa jua wala mvua. Zilichokuwa hazikitaki ni mshindo, na mshindo ndio ulioletwa. Watu wa kampuni ya mafuta walisema kwamba chini ya mtaa, mbali sana, huenda kuna mafuta, na kwamba njia ya kujua ni kuitetemesha ardhi na kusikiliza inavyojibu. Basi wakaleta malori matatu yenye magurudumu ya kumfika mtu kifuani. Kila lori lilikuwa na bamba tumboni; linashusha, linatetema sekunde kumi na mbili, linainua, linasogea hatua chache, linashusha tena. Kando ya barabara wakatandaza waya wa rangi ya chungwa wenye vijiti vya kusikilizia, wakavichomeka kwenye vizingiti na kwenye mitungi ya maua ya watu, na wakaomba radhi kwa kila mtungi.

Katika siku tatu Bi Lipu alipata kazi nyingi kuliko katika miaka mitatu. Ufundi aliurithi kwa baba yake, na jina lake halisi walikuwa wakilijua mama yake na karani wa vitambulisho tu. Kila aliyemwita alimkaribisha kwa methali ile ile, usipoziba ufa utajenga ukuta, kana kwamba yeye hakuwahi kuisikia. Alikuwa akiitikia kwa heshima. Kusema kweli methali hiyo ilikuwa imemlisha maisha yake yote.

Alipofika kwao mchana alikuta bahari imeshaingia, imefika kwenye vifundo vya miguu. Yalikuwa maji yasiyolowesha. Mtu aliyapita na viatu vyake vikavu, akavuta pumzi kama kawaida, ila mwanga wa chumbani uligeuka kijani kama wa chupa, na sauti zote zikapoa. Mama yake alikuwa kitandani kama alivyokuwa kwa miaka sita, tangu miguu ilipomkatalia. Ajuza yule alikuwa amekula chumvi nyingi, na akili yake ilikuwa kali kama wembe mpya. Kitanda chake kilichongwa humo humo chumbani na marehemu mumewe, ambaye hakupima mlango, kwa hiyo kikawa hakitoki. Naye mama alishasema hatalala kitanda kingine. Atatoka chumba kile kwa miguu yake au kwa miguu ya watu wanne.

“Umeona?” mama akauliza.

“Nimeona, mama. Shikamoo.”

“Marahaba. Njoo uketi, usiwatishe.”

Katikati ya ndara zake, sakafuni, yalikuwa yameota maua yenye mabua marefu, na maua yale yalifungua na kufumba vidole kama mtoto mchanga. Mama alikuwa ameuteremsha mkono wake kando ya kitanda. Akatokea konokono mkubwa kama sahani, gamba lake limejisokota kama pembe ya kondoo dume, na mdomoni ana mikono midogo isiyohesabika. Akaja taratibu mpaka kwenye vidole vya ajuza, akavigusa kimoja kimoja kana kwamba anavihesabu. Mama, aliyezungumza hata siku ya maziko ya mumewe, alimngoja amalize vyote vitano.

“Na walikuwa hapa chini siku zote tulipolala,” akasema mwishowe.

 Kilichomshika Bi Lipu hakikuwa hofu, bali kilikuwa jirani yake hofu. Alijiona kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba ya ibada akidhani ni stoo, akakuta watu wamesujudu. Akavua kilemba chake cha kazi, akakikunja, akakaa.

Lakini macho yake hayakukaa. Yalipanda ukutani, juu ya kichwa cha mama yake, kwenye ufa. Jumamosi ulikuwa unywele. Jumapili ungeingiza kucha. Sasa ulikuwa unameza penseli, nao ulipanda kutoka ubao wa kitanda hadi kwenye boriti. Bi Lipu alikuwa amegandisha kipande chembamba cha kioo kuuvuka, chokaa huku na chokaa huku, na tarehe ameichora kwa msumari, kama baba yake alivyomfundisha: ukuta ukisogea, kioo hukatika, maana kioo hakijui kubembeleza. Kioo cha Jumamosi kilikatika. Cha Jumapili kilikatika. Cha Jumatatu kilikuwa kimekatika pale mbele yake. Ukuta ule ulikuwa unakwenda, na ulikokwenda ni kitandani.

Jumatano saa kumi alasiri kampuni iliita mkutano katika ukumbi wa shule. Bahari ilikuwa imefika madirishani, na haikungoja tena malori, ilikaa. Watu walikuja wakipunga mikono mbele yao kuwapisha samaki, wakakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Kampuni ilimleta afisa wake wa mahusiano, kijana mstaarabu mwenye kizibao cha kung'aa, ambaye mtaa mzima ulimwita Samahani kwa kuwa hakuwahi kuanza sentensi kwa neno lingine.

“Samahani, wazazi wangu,” akaanza, “najua mna wasiwasi.”

“Wasiwasi tulikuwa nao mlipoandika barua,” kinyozi akasema. “Sasa tuna nyufa.”

Samahani akaeleza kwamba nyufa zina utaratibu. Ijumaa wangekuja wakaguzi, nyumba hadi nyumba, na kamera na rula. Ukipatikana ufa mmoja, mmoja tu, wenye upana wa zaidi ya milimita tano, kampuni inalazimika kuhamisha njia ya malori kwenda barabara ya nje, kule kwenye viwanja vitupu. Ndivyo kibali kilivyoandikwa, na hata mkurugenzi hawezi kukipinda. Bi Lipu, kwenye dawati la mbele, alinyooka ghafla, magoti yakagonga dawati. Ufa wa mama yake alikuwa ameupima asubuhi ile. Ulikuwa milimita saba.

“Na bahari je?” aliuliza muuza magazeti. “Inaandikwa wapi?”

“Samahani, mama yangu. Fomu ina kelele, vumbi, nyufa na majeruhi. Bahari ingeingia kwenye 'mengineyo', lakini 'mengineyo' yaliondolewa katika fomu mpya.”

Mwalimu mstaafu wa jiografia akasimama. Alikuwa mtu mkavu, mrefu, ambaye alisahihisha hata matangazo ya misiba. “Bahari hii ilikuwa hapa kabla ya milima ile pale dirishani,” akasema. “Hawa walikufa, wakazama, wakafunikwa, wakakandamizwa miaka isiyosemeka. Hayo mafuta mnayoyatafuta, kijana wangu, ni wao. Mmewagongea, wametoka kuangalia ni nani.”

“Samahani, Mwalimu, hilo tumelipokea. Ofisini wanasema ni dalili nzuri sana.”

Mwalimu alikuwa na jibu, na kwa uso wake lilikuwa jibu la kukata na shoka, lakini hakulitoa, kwa sababu mwanga ulipungua ukumbini. Kitu kilikuwa kinaingia kupitia ukuta wa mashariki. Kilitangulia kichwa, kidogo kwa mnyama wa kiasi kile, na jicho kubwa kama sinia. Ikafuata shingo. Shingo ile ilipita, ikapita, mwenyekiti wa mtaa akamaliza kukunja miwani yake na bado shingo inapita. Kisha mwili, wenye mapezi manne mapana kama milango ya ghala, yakipiga polepole, kila pigo likizisukuma nywele za watu upande mmoja na kuzirudisha. Ngozi yake ilikuwa na mistari ya kijivu na nyeupe. Ilipita juu ya madawati karibu mno, mtu angeweza kuigusa, na hakuna aliyegusa. Wanaume walivua kofia. Mama mmoja alifunika mdomo kwa kanga, machozi yanamtoka na hajui yanatoka kwa nini. Bi Lipu aliyatazama yale mapezi akawaza kwamba mtu akipewa kuona kitu kama kile hapaswi kudai kitu kingine chochote kwa mwaka mzima, na papo hapo akakumbuka ukuta na akajilaumu.

Samahani naye alikuwa amesimama na karatasi zake kifuani, mdomo wazi kama wengine. Mkia ukatokomea kwenye ubao wa kuandikia. Mwenyekiti akakohoa.

“Haya, tuendelee,” akasema. “Wakaguzi wanakuja saa ngapi?”

Sasa, mtaa ule ulikuwa na tabia yake. Mgeni mwenye karatasi mkononi akitangazwa, nyumba huoga kwanza. Walilelewa hivyo. Bibi zao waliwahi kukaguliwa na mabwana afya, na mwenye ukuta mchafu alisomwa jina hadharani; tangu hapo ukaguzi na chokaa vilikuwa ndugu wa tumbo moja. Alhamisi alfajiri, kabla Bi Lipu hajanywa chai, watu walikuwa wamepanga foleni mlangoni kwake, maji yamewapita vichwa, samaki wanapita katikati ya foleni.

“Mama yangu,” Bi Lipu alimwambia wa kwanza, “si mlisikia? Huo ufa ndio wanaoutaka.”

“Nimesikia. Si watauona wa kwa kinyozi?”

“Wa kinyozi nimeshauziba Jumanne.”

“Basi watauona wa muuza magazeti. Wake ni mkubwa. Mimi nina sebule, Bi Lipu, sebule! Utaniacha nivue nguo mbele ya wageni?”

Ndivyo walivyosema wote. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba ufa wa jirani ungetosha. Muuza magazeti aliutegemea wa mwenyekiti, mwenyekiti aliutegemea wa Mwalimu, na Mwalimu, aliyejua umri wa bahari, alimnong'oneza Bi Lipu kwamba yeye hana neno na ufa, ila marehemu mkewe alikuwa hapendi. Bi Lipu angeweza kukataa. Mara mbili aliweka ndoo chini akataka kukataa. Lakini fundi aliyeitwa kwa heshima na kukuta chai imeandaliwa hana ulimi wa kusema hapana, na mkono wake ulikuwa umeshazoea. Akapanua, akapiga brashi, akalowesha, akalisha. Alipofika nyumba ya kumi na moja alihesabu vidoleni. Ulikuwa umebaki ufa mmoja mtaani.

Akarudi kwao akiwa amechoka hoi, na amefurahi kidogo, maana mmoja ulitosha.

Mama yake alikuwa amevaa gauni lake la kijani na amejitia wanja. Alikuwa ameamuru jirani amletee shuka jipya. Kikombe kilimponyoka mkononi alipokuwa akielekeza. Kikateremka polepole, kikiyumba huku na huku, kikatua sakafuni bila kutoa sauti wala kumwaga chai. Siku hizo vitu vyote vilianguka hivyo, na watu walikuwa wameanza kuzembea na vyombo.

“Umebakiza wangu,” mama akasema.

“Nimeubakiza kwa makusudi. Huo ndio utakaotuokoa, mama. Wote wameziba.”

“Wote wameziba, na mimi nilale chini ya ukuta unaocheka? Wageni waingie, waseme mama wa fundi lipu ndiye mwenye ufa?”

“Waseme. Wakisema, malori yanaondoka.”

“Mwanangu, ufa wa chumbani ni kama nguo ya ndani. Huionyeshi kwa watu eti wakuhurumie. Waambie kwa mdomo. Ulimi wa mtu mzima siku hizi haushuhudii?”

Wakabishana mpaka taa zikawashwa. Bi Lipu alisema yote aliyokuwa nayo: kwamba boriti imeanza kulia, kwamba vioo vitatu vimekatika, kwamba halali usingizi kwa kuusikiliza ukuta ule ukipumua. Alisema anaogopa. Mama akamshika kidevu, akamwambia kwamba naye anaogopa, lakini hajawahi kuogopa huku amevaa vibaya. Na mtu gani atambishia mama yake wa miaka themanini na saba, aliyevaa gauni la kijani? Bi Lipu akapanda kitandani, miguu miwili huku na huku ya mto, akakibandua kioo, akauziba. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizopata kufanya. Alipomaliza alipitisha kiganja ukutani akafumba macho, na kiganja hakikujua ufa ulikuwa wapi.

Ijumaa wakaja wakaguzi wawili, pamoja na Samahani wa kuwatambulisha. Walikaribishwa kila nyumba kwa viti vilivyofutwa. Walipiga picha kuta nyeupe, wakazisifu. Walipofika chumbani kwa ajuza walivua viatu, wakaamkia, wakasimama kidogo kwa adabu mpaka kundi la samaki wenye taa usoni lipite. Kisha mkaguzi mkubwa akauelekezea kamera ukuta.

“Hakuna ufa,” akaandika.

“Upo,” Bi Lipu akasema. “Upo chini ya lipu. Milimita saba. Nimeuziba jana.”

“Kwa nini umeuziba?”

“Kwa kuwa mlikuwa mnakuja.”

Mkaguzi akamtazama Samahani. Samahani akatazama miguu yake.

“Samahani, mama yangu. Kamera haioni chini ya lipu.”

Bi Lipu akatoa mfukoni vile vioo vitatu vilivyokatika, na tarehe zake. Mkaguzi akavigeuza kwa heshima mkononi, akasema kioo kilichovunjika ni kioo kilichovunjika, akamrudishia. Hapo Bi Lipu akashikwa na hasira ambayo hakuijua kwamba anayo. Akachukua tindo na nyundo, akapanda kitandani mbele ya wageni, akaipiga kazi yake mwenyewe, ile nzuri kuliko zote. Chokaa ikatoka vipande, ikaelea. Ufa ukaonekana, mweusi, kutoka ubaoni hadi kwenye boriti, na kutoka ndani yake kulikuwa kunavuma baridi ya mbali.

“Huu hapa! Pimeni!”

Wakapima. Rula ilisema milimita tisa. Mkaguzi akapiga picha mbili, moja ya ufa, moja ya tindo mkononi mwa Bi Lipu. Halafu akaandika, na alikuwa mtu mwaminifu kiasi kwamba alimsomea alichoandika: ukuta umeharibiwa na mkazi kwa tindo, mbele ya mashahidi.

“Lakini ninyi mmeona!” Bi Lipu akasema. “Wewe umeona, Samahani. Una macho.”

“Nimeona, mama yangu,” Samahani akasema, na kwa mara ya kwanza hakuanza na neno lake. Sauti yake ilikuwa ndogo. “Nimeona ukiupiga.”

Mtaa uliposikia ulihuzunika sana. Kila mmoja alishangaa kwamba jirani yake naye alikuwa ameziba. Walikuja jioni kumpa pole Bi Lipu, wakaleta keki, wakakubaliana kuwa lingekuwa jambo jema kama mtu mmoja angeacha. Safari hii Jumamosi na Jumapili malori yalipumzika, yakingoja ripoti ya wakaguzi. Bi Lipu aliegemeza nguzo mbili za mbao kwenye ukuta, akalala sakafuni kando ya kitanda, kati ya maua yanayofumba na kufumbua. Alimwomba mama yake wahame. Mama akamwambia subiri Jumanne, Jumatatu ni siku ya kufua.

Jumatatu saa nne asubuhi lori la kwanza likasimama mbele ya dirisha lao. Bi Lipu alikuwa akimlisha mama yake uji. Alisikia bamba likigusa barabara, akasikia mtetemo ukipita chini ya sakafu, ukapanda miguuni mwa kitanda, ukaingia kwenye kijiko. Sekunde kumi na mbili. Katika sekunde ya tisa zile nguzo mbili zikaanguka upande upande, na ukuta ukaachana na boriti.

Ulianguka kama vitu vyote vilivyoanguka siku zile. Mawe yalitengana moja moja, yakainama, yakaanza kuteremka kwa raha zao, kila moja likijizungusha ili lionekane pande zote. Bi Lipu aliweka bakuli la uji chini. Akapitisha mkono mmoja chini ya magoti ya mama yake na mwingine mgongoni, akamwinua. Alikuwa mwepesi hata akaumia roho. Mawe yalikuwa yamefika usawa wa kichwa chake. Na pale, katika chokaa ya ndani iliyokuwa gizani tangu siku nyumba ilipojengwa, akaona alama za vidole. Zilikuwa za mtu aliyeikandamiza chokaa kwa mkono kwa kukosa subira ya mwiko, vidole vitano, na kidole cha shahada kimepinda kama chake yeye. Jiwe lenye alama likapita mbele ya macho yake, likashuka. Angeweza kulidaka kama angekuwa na mkono wa tatu.

“Mama, umeona?”

“Babu yako,” mama akasema begani kwake. “Alikuwa na haraka, mtu yule. Nitoe basi.”

Akamtoa. Walipovuka kizingiti mawe ya kwanza yalikuwa yanatua kwenye mto, kwa upole, moja juu ya jingine, na mto ukapotea, na shuka jipya likapotea, na kitanda ambacho hakikuweza kutoka kikavunjika bila kelele yoyote. Bi Lipu alisimama uani amempakata mama yake. Alilia kwa sauti. Hakujizuia, wala mama hakumwambia anyamaze.

Majirani wakaja, wakatoa kiti, wakamketisha ajuza barazani kwa Mwalimu, wakamfunika mabega. Samahani alikuja akikimbia, jinsi mtu anavyoweza kukimbia ndani ya bahari, kofia ngumu imekaa upande. Alipiga magoti mbele ya ajuza akamshika mikono yote miwili, na ilionekana wazi kwamba roho ilikuwa imemruka. Kisha akatoa fomu.

“Kuna aliyeumia?”

“Hakuna,” Bi Lipu akasema.

“Hata mchubuko?”

“Hata mchubuko.”

“Mungu ni mkubwa,” akasema, na alisema kwa dhati. Akaandika kwenye nafasi ya majeruhi: sifuri. Kwenye nafasi ya nyufa akafungua ripoti ya Ijumaa, akaangalia, akaangalia tena kana kwamba neno lingebadilika akilitazama sana. “Samahani. Ukuta huu ulishaandikwa. Kwa tindo. Siwezi kuuandika mara mbili.”

“Nyumba yangu haina ukuta, mwanangu.”

“Najua, mama yangu.”

“Mama yangu angekuwa chini ya mawe yale.”

“Najua. Ila hayuko.” Akamkabidhi kalamu. “Sahihi hapa chini. Ni ya kuthibitisha kwamba hakuna aliyeumia.”

Ilikuwa kweli, na Bi Lipu hakuwa mtu wa kukataa kuandika jambo la kweli. Akatia sahihi. Samahani akapuliza wino, akakunja fomu, akampungia mkono dereva wa lori la kwanza kwamba wanaweza kusogea. Mbele yao ilikuwa nyumba ya Mwalimu.

Lori likasogea hatua zake chache, likasimama mbele ya baraza walipokaa. Dereva alikuwa ameshashika mkono wa kushushia bamba alipoona kivuli barabarani. Akauachia. Akazima injini, na malori mawili ya nyuma yakazima, na mtaa wote ukawa kimya.

Yule mkubwa alikuwa anakuja kutoka mwisho wa mtaa, juu ya mapaa, shingo ameinyoosha mbele. Safari hii hakuwa peke yake. Ubavuni kwake, chini ya pezi la mbele, alikuwapo mwanawe, ambaye peke yake alikuwa mrefu kuliko lori, akipiga mapezi yake mara mbili kwa kila pigo moja la mamaye ili asiachwe. Walishuka walipofika kwenye pengo lililokuwa ukuta. Mama mtu akaingiza kichwa chumbani, akayatazama mawe yaliyolala kitandani kwa jicho lake moja, kisha akalizungusha jicho kwa watu waliokuwa barazani. Bi Lipu alijiona mle ndani, mdogo, ameshika mkono wa mama yake, na nyuma yao mtaa mzima. Hakuwahi kutazamwa hivyo na kiumbe chochote. Ajuza akainamisha kichwa, kama mtu anavyomwitikia mkubwa wake.

Madereva watatu walikuwa wamesimama kwenye ngazi za malori yao, kofia ngumu vifuani. Hakuna aliyewaambia. Mmoja wao alikuwa akilia. Walimngoja apite yeye na mwanawe, shingo, mwili, mapezi, mkia, mpaka ncha ya mwisho ilipokwisha kwenye kona ya kinyozi, na hiyo ilichukua dakika kumi na moja.

Kisha wakavaa kofia zao, wakapanda, wakashusha bamba.